Nguzo ya Tatu: Grili Inapomezwa na Tofali

Nguzo ya tatu kutoka getini ilianza na ufa mwembamba kama unywele. Sikuujali. Plasta za Kigamboni hazikosi nyufa, na nguzo yenyewe ilikuwa imesimama wima bila tatizo. Masika yalipokuja, ufa ukaanza kutoa machozi yenye rangi ya chai iliyokolea, yakachora mstari mpaka kwenye ukuta mfupi. Baada ya masika mengine mawili ungeweza kupitisha sarafu ndani yake. Siku moja nikachukua bisibisi, nikachokoa pale grili inapoingia kwenye nguzo, plasta ikabanduka kipande kizima kama ganda la yai. Ndani palikuwa na paipu, au tuseme palikuwa na kilichobaki cha paipu: tabaka juu ya tabaka za kutu, zimeachana kama chapati iliyosukumwa vizuri.

Wengi tunadhani kutu hula chuma na kukipunguza. Ni kweli kwamba chuma hupungua, lakini kutu yenyewe huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili mpaka mara sita, kutegemea aina ya kutu na unyevu uliopo. Paipu iliyofungiwa ndani ya tofali haina pa kuvimbia isipokuwa kusukuma. Na tofali au zege, pamoja na ugumu wake wote, ni hodari wa kubebeshwa mzigo tu. Ukilivuta au kulipanua kutoka ndani, uwezo wake unashuka mpaka karibu sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo paipu ya inchi moja na nusu, yenye ukuta mwembamba kuliko sarafu, inapasua nguzo ambayo lori lisingeitikisa kwa kuegemea.

Kisa cha paipu ile kuingia mle ndani ndicho kiini cha jambo lote. Fensi ya grili kati ya nguzo za tofali ni kazi ya watu wawili ambao kwa kawaida hawaonani. Mwashi huja kwanza, hujenga msingi, ukuta mfupi na nguzo, hulipwa na kuondoka. Baadaye huja fundi wa kuchomelea na futi yake ya kupimia. Mwashi anafanya kazi kwa sentimita, na kwake nusu sentimita ni usafi wa hali ya juu. Mwenzake wa chuma anafanya kazi kwa milimita, kwa sababu chuma hakina huruma: kikizidi hakiingii, kikipungua hakifiki. Nafasi kati ya nguzo na grili ndipo vipimo hivyo viwili hukutana, na kama hakuna mtu aliyeamua mapema nafasi hiyo iwe kiasi gani, itajiamulia yenyewe.

Kwangu ilijiamulia hivi. Mwashi aliacha mita 3 kamili kati ya nguzo na nguzo, tofali zikiwa bado tupu. Fundi wa grili alikuja wiki hiyo hiyo, akapima, akaenda kutengeneza grili za mita 2.98, sentimita moja ya kupumulia kila upande. Mwashi akarudi kupiga plasta. Plasta ya kawaida ni milimita 15, na nguzo mbili zinazotazamana zina nyuso mbili: milimita 30 zikatoweka. Grili zikaja zimepakiwa kwenye guta, na uwazi uliokuwa mita 3 sasa ni mita 2.97.

"Bosi, mbona hapa pamebana?" fundi akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyepanua grili usiku.

Nikampigia mwashi. "Mzee, mimi niliacha mita tatu," akasema. "Plasta aliihesabu?"

Hakuihesabu. Basi likapatikana suluhisho ambalo kila mwenye nyumba amewahi kulisikia kwa maneno haya haya: "Tutaizamisha kidogo tu, haitaonekana hata." Wakachukua tindo na nyundo, wakachimba mashimo kwenye nguzo, wakazamisha ncha za paipu, wakaziba kwa saruji. Ilipendeza. Ilionekana hata imara zaidi, kama vile grili imeota kutoka kwenye nguzo. Zile ncha zilizozama hazikuwa na rangi, kwa kuwa zilikatwa pale pale, na saruji iliyozibia ilikuwa na vinyweleo vya kunywa kila mvua.

Kiswahili kina neno moja, ua, linalotaja boma na pia eneo lililozungukwa na boma hilo. Mtu anafagia ua, na mtu mwingine anajenga ua. Mababu zetu wa pwani waliuzungushia makuti, wa bara minyaa na michongoma, na hakuna hata mmoja wao aliyepasuliwa nguzo na mnyaa. Nalisema hili kwa utani, lakini lina ukweli wake. Boma la zamani lilikuwa la kitu kimoja. Hili la sasa limeunganisha vitu viwili vyenye tabia mbili, na shida zake karibu zote zinakaa kwenye kiungo.

Kanuni ya kwanza basi ni ya ratiba: grili isikatwe hata kipande kimoja kabla plasta haijakauka kwenye nguzo. Kama fundi ana haraka, mpe kazi ya geti. Plasta ikishakauka, kila uwazi upimwe mara tatu, chini, katikati na juu, kwa sababu nguzo mbili zinaweza kuinamiana kwa milimita 10 na jicho lisione. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho cha kufanyia kazi. Kisha uwazi uandikwe namba kwa chaki kwenye ukuta mfupi, na grili yake iandikwe namba hiyo hiyo. Mafundi wengi hupima uwazi mmoja na kuzidisha kwa kumi na mbili. Sijawahi kuona nyuwazi kumi na mbili zilizolingana.

Mwashi naye anaweza kusaidiwa kabla hajafunga uzi. Paipu za chuma madukani kwetu huuzwa kwa urefu wa mita 6. Ukiamua kwamba uwazi baada ya plasta utakuwa mita 3, na ukaacha milimita 20 kila upande, grili yako itakuwa na upana wa mita 2.96. Paipu moja inakatwa mara mbili, ya juu na ya chini, inabaki sentimita 8 tu ya kutupa. Ukiamua uwazi uwe mita 3.2 kwa sababu kiwanja kiligawanyika hivyo, kila grili itakula paipu mbili na kuacha vipande virefu visivyo na kazi. Umbali wa nguzo unaonekana kama suala la mwashi peke yake, lakini pesa inayopotea hapo huonekana kwenye risiti ya chuma.

Milimita 20 kila upande, kama upana wa kidole gumba. Watu huzikataa wakiona kwenye karatasi, wakidhani zitaonekana kama uzembe. Ukishapaka rangi nyeusi na kusimama barabarani, mwanya huo unageuka kivuli na unaifanya nguzo ionekane imekatwa safi. Brashi inaweza kuingia, maji yanapita, na mwashi aliyekosea milimita 7 anasamehewa.

Hesabu ya fito za wima nayo inahitaji utulivu, na hapa ndipo ninapowaona mafundi wazuri wakijitenga na wengine. Tuchukue grili yetu ya mita 2.96. Fremu ni ya paipu za mraba za milimita 40, kwa hiyo ukitoa fremu pande zote mbili, ndani panabaki milimita 2,880. Fito zetu ni za milimita 20. Nafasi kati ya fito na fito isizidi milimita 100, kipimo ambacho kanuni za ujenzi za nchi nyingi hukitumia kwa sababu kichwa cha mtoto mdogo hakipiti hapo. Ukiweka fito 23, chuma kinachukua milimita 460 na zinabaki 2,420 za kugawanya kwa nafasi 24: karibu milimita 101. Imezidi. Ukiweka 24, chuma kinachukua 480, zinabaki 2,400, nafasi ni 25, na kila nafasi inakuwa milimita 96 barabara. Nafasi daima ni moja zaidi ya fito. Anayesahau hiyo moja ndiye unayemkuta mwisho wa grili ana uwazi wa ajabu, mwembamba au mpana kuliko nyingine zote, ambao utauangalia kila ukirudi nyumbani.

Fundi wa kawaida hukata kipande cha ubao cha milimita 96, akakitumia kupanga: fito, ubao, fito, ubao. Njia nzuri, ila makosa madogo hujumlishana. Ubao ukibonyea milimita moja tu, fito ya 24 itakuwa imehama milimita 24. Fundi wangu wa pili, ambaye nitamrudia, hakugusa ubao. Alilaza paipu mbili za fremu pamoja ubavu kwa ubavu, akavuta futi mara moja kutoka ncha ya kushoto, akaweka alama kila milimita 116, yaani fito pamoja na nafasi, bila kuinua futi hata mara moja. Alama zikapita juu ya paipu zote mbili kwa msumari. Kisha akashikiza kila fito kwa nukta ndogo ya moto juu na chini, akarudi katikati, akaruka pembeni, akarudi tena. Ukichomelea kutoka upande mmoja moja kwa moja, joto linavuta fremu na grili inajikunja kama samaki kwenye kikaango.

Sasa nguzo. Ukiuliza nguzo ya fensi inabeba nini, watu hujibu uzito wa grili. Tuupime. Grili yetu, yenye kimo cha mita 1.2 na paipu za ukuta wa milimita moja na nusu, ina uzito wa kilo 40 hivi. Watu wawili wanaiinua bila kutoa jasho. Nguzo ya sentimita 35 kwa 35 haijui hata kama kilo 40 zimeongezwa. Kinachoitesa nguzo kinatoka ubavuni, nacho ni upepo.

Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, unasukuma uso ulio wazi kwa nguvu ya kama kilo 55 kwa kila mita ya mraba, kabla ya kuhesabu umbo la kinachosukumwa. Grili yenye fito ni chuma robo na uwazi robo tatu, kwa hiyo upepo mwingi unapita zake. Mwenye nyumba anakaa mwaka mmoja, anachoka kutazamwa na wapita njia, anampigia fundi: "Njoo unizibie na bati." Siku hiyo fensi imekuwa tanga la jahazi. Eneo la mita za mraba tatu na nusu, lote limezibwa, ukihesabu na umbo lake linapokea zaidi ya kilo 200 za msukumo, na kila nguzo ya katikati inabeba nusu ya grili ya kushoto na nusu ya ile ya kulia. Zaidi ya kilo 200 zinaisukuma nguzo kifuani, zikiachilia na kurudi, usiku kucha. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwezi Mei 2024, watu wa pwani tulikumbushwa kwamba vimbunga navyo vinajua njia ya kuja kwetu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye nyumba kabla ya msingi kuchimbwa ni kama ana mpango wa kuziba siku moja. Ajibu kwa uaminifu, maana jibu linabadilisha nondo. Nguzo nyingi za mitaani zina umbo la nguzo bila moyo wa nguzo: tofali zimepangwa mraba, katikati pametupiwa vipande vya tofali na mchanga, juu plasta. Hiyo inabeba taa na kofia, basi. Nguzo ya kushikilia grili inataka kiini cha zege chenye nondo nne za milimita 12 zinazoanzia ndani kabisa ya msingi, zimefungwa kwa ringi kila sentimita 20, na ukuta mfupi wa kozi tatu umefungamana nayo. Nondo zikianzia juu ya msingi ni pambo. Na pale ambapo udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, msingi uchimbwe mpaka uupite, vinginevyo nguzo zitacheza ngoma kila mwaka na hakuna mwanya wa milimita 20 utakaozifuata.

Nguzo za geti zina hesabu yao nyingine kwa sababu geti huning'inia na kuvuta, na sitaiingia hapa. Ziwe nene kuliko nyingine, basi.

Turudi kwenye kiungo. Njia ninazoziona kwetu ni tatu. Ya kwanza ni hiyo iliyoniponza, ya kuzamisha. Wapo wanaoifanya kwa nia njema zaidi: ncha ya chuma hupasuliwa mithili ya mkia wa samaki na kujengewa mwashi anapopandisha tofali. Inashika sana. Lakini haitoki, haipakiki rangi, na ikianza kutu inaanzia mahali usipopaona. Karibu na bahari sipendi hata kuifikiria. Zege zima lina kemikali ya kuilinda nondo yake: ni alkali kali, na ndani yake chuma hujivika utando mwembamba unaozuia kutu. Chumvi huuvunja utando huo. Pwani chumvi inakuja kwa upepo, na wakati mwingine inakuja kwa lori, pale fundi anapoletewa mchanga wa baharini kwa bei nafuu.

Njia ya pili ni kuacha pleti ya chuma usoni mwa nguzo, imechomelewa kwenye nondo kabla ya zege kumwagwa, kisha grili ikachomelewa kwenye pleti. Ni imara na mwizi hana cha kufungua. Ubaya wake ni kwamba pleti lazima ikae mahali sahihi miezi kadhaa kabla ya grili kuzaliwa, na mwashi ndiye anayeiweka. Na ule moto wa kuchomelea unaunguza rangi pande zote, hata ule wa nyuma unaotazama nguzo, ambako brashi itafika tu kama uliacha mwanya.

Njia ya tatu ndiyo niliyoichagua mara ya pili: vipande vya engo vyenye unene wa milimita 4, viwili kila upande, vikafungwa kwenye nguzo kwa boliti, na grili ikafungwa kwenye engo. Inafunguka, inarekebishika. Ina masharti yake, hata hivyo. Boliti ya kupanuka inashika kwa kusukuma kuta za tundu lake, kwa hiyo ukiitoboa karibu na kona ya nguzo, kona inaruka siku hiyo hiyo. Ikae katikati ya uso. Kwenye nguzo ya sentimita 35 hilo linakupa zaidi ya sentimita 15 kila upande, salama kabisa. Iingie ndani mpaka ipite plasta na tofali na kuuma zege la kiini, maana plasta haishiki kitu chochote kizito kuliko picha ya harusi. Kenya, ambako nguzo nyingi hujengwa kwa mawe ya kuchongwa kama yale ya Ndarugo, jiwe lenyewe ni laini kiasi, na gundi ya kemikali inashika vizuri kuliko boliti ya kupanuka kwa sababu haisukumi. Lakini gundi hiyo ina adui mmoja, vumbi. Tundu lipulizwe, lisuguliwe kwa brashi ndefu, lipulizwe tena. Gundi iliyoshika vumbi imeshika vumbi, siyo jiwe. Na zege lipewe muda wake: kwa siku 7 linakuwa limefikia kama theluthi mbili ya nguvu zake, na siku 28 ndizo vitabu vinazohesabu. Kutoboa nguzo ya juzi ni kuitafutia ufa.

Kuhusu wezi, hofu ni halali. Chuma chakavu kina soko, na boliti inayofunguka kwa spana ya mwenye nyumba inafunguka pia kwa spana ya mwingine. Nati zielekee ndani, na baada ya kukaza, kila nati ipigwe nukta moja ya moto, kisha rangi. Siku ukitaka kufungua, grinda itaifuta nukta hiyo kwa sekunde chache. Mwizi naye anaweza kuleta grinda, lakini grinda inaamsha mtaa mzima.

Matundu ya engo za upande mmoja yawe marefu kama tundu la kifungo cha shati. Watu husema ni kwa ajili ya joto, kwamba chuma kikipata jua kitatanuka na kusukuma nguzo. Nimeipiga hesabu. Chuma hutanuka kwa sehemu 12 kati ya milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Grili ya mita 2.96, ikitoka nyuzi 20 alfajiri mpaka 60 saa nane mchana ikiwa na rangi nyeusi, inarefuka milimita moja na nusu hivi. Ile milimita 20 uliyoacha inaicheka. Joto linakuwa jambo la maana pale tu grili zinapounganishwa mstari mmoja wa mita 30 bila kukatika, zikipita mbele ya nguzo: hapo urefu unaozidi ni sentimita moja na nusu, na kitu fulani kitaachia. Tundu refu linasaidia zaidi kwenye jambo la kila siku, yaani boliti ambayo drili iliihamisha milimita 5 kwa kugonga kokoto.

Kiwanja changu ni tambarare. Kwenye vilima, Goba kwa mfano, au Mwanza, mteremko unakulazimisha kuchagua. Unaweza kushusha grili ngazi kwa ngazi, kila moja ikiwa mraba wake, na chini yake ukabaki uwazi wa pembetatu ambao mbwa wa jirani ataugundua kabla yako. Mwashi aujaze kwa kupandisha ukuta mfupi kwa ngazi vilevile. Au unaweza kuinamisha fremu ifuate ardhi huku fito zikibaki wima kwa timazi. Hii ya pili inapendeza, lakini ina mtego. Kwenye mteremko wa sentimita 30 kwa mita 3, paipu iliyoinama inahitaji kuwa ndefu kwa milimita 15 kuliko iliyolala. Fundi anayepima fito kwa kufuata paipu iliyoinama badala ya mstari wa mlalo atajikuta mwishoni amebakiwa na hizo milimita 15 na hajui zimetoka wapi.

Rangi ningeiandikia makala yake, kwa hasira. Paipu mpya hutoka dukani na mafuta ya kiwandani, na kila palipochomelewa pana ganda la slagi. Redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ikipakwa juu ya vitu hivyo inashika mafuta na slagi, na vinapobanduka inakwenda navyo. Kwanza gonga slagi, piga msasa, futa kwa thina, kisha redoksaidi siku hiyo hiyo kabla unyevu wa usiku haujashuka. Nyuso zitakazotazama nguzo zipakwe tabaka zote grili ikiwa bado imelala chini. Kama umenunua paipu zenye zinki, jua kwamba kuchomelea kunaiunguza zinki hapo kwenye kiungo, mahali unapoihitaji kuliko pote, na moshi wake mweupe unaleta homa ya usiku kucha, kwa hiyo fundi akae upande upepo unapotoka. Rangi ya mafuta ya kawaida ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki mpya hubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Inataka rangi yake ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki.

Kitu kimoja ambacho hakuna fundi aliyeniambia, nilikiona mwenyewe nilipokata grili ya nguzo ya tatu. Paipu ya chini ilipotengana, yalimwagika maji, kama nusu kikombe, meusi. Fito zilikuwa wazi kwa juu, mvua ilikuwa inaingia humo miaka yote na kukaa. Paipu ilikuwa inaoza kutoka ndani wakati mimi nikiipaka rangi nje kila Krismasi. Dawa yake ni vifuniko juu ya kila fito, na matundu mawili ya milimita 8 chini ya paipu ya chini. Paipu yenyewe ikae sentimita 5 juu ya ukuta mfupi ili ufagio upite na majani yasirundikane.

Nguzo tuliibomoa mpaka kwenye kiini, ambacho kwa bahati kilikuwa kizima, tukaijenga upya na kuipa kofia inayozidi nje sentimita 4, yenye mfereji mdogo kwa chini ili tone la mvua lidondoke badala ya kutambaa kwenye plasta. Mwashi na yule fundi wangu wa pili wa chuma niliwaita siku moja, nikawanunulia chai na vitumbua, wakapima pamoja. Mwashi alipiga plasta huku mwenzake akimshikia pimamaji.

Wiki tatu baadaye grili namba 3 ikapandishwa. Ilikaa juu ya kabari nne za mbao, fundi akaziingiza na kuzitoa moja moja kwa nyundo ndogo mpaka pimamaji ikatulia katikati. Akapitisha kidole gumba kwenye mwanya wa kushoto, kutoka juu mpaka chini, bila kugusa. Akafanya hivyo kulia. Akakaza boliti, akaniita.

"Haya mzee, vuta kabari."

Nikazivuta. Grili ilishuka kitu kisichofika milimita mbili, ikagusa engo zake, ikanyamaza.